Jino limeng'olewa, maumivu yamebaki: je, picha ya ubongo itasaidia?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm. Mwaka jana gego la chini upande wa kulia lilianza kuniuma nikinywa kitu baridi. Likazibwa, baadaye nikafanyiwa matibabu ya mzizi, bado likauma. Mwishowe liling'olewa. Sasa ni miezi saba na panauma palepale, utadhani jino bado lipo. Ni maumivu ya kuwaka, ya kutwa nzima, ingawa usiku nalala. Nimeweka karafuu, nimemeza Panadol na Brufen mpaka tumbo likakataa. Daktari wa pili alipiga eksirei akasema haoni kitu. Wa tatu anataka kung'oa jino la jirani. Nyumbani nimeanza kuambiwa ni mawazo tu. Kuna video niliona inasema wanasayansi sasa wanaweza kuona maumivu ya jino ndani ya ubongo. Nikitafuta pesa nipigwe MRI ya kichwa, itaonyesha kwamba naumwa kweli? Na itanisaidia nipone? La mwisho: kijana wangu wa miaka tisa akisikia tu mlio wa mashine ya daktari wa meno analia. Hilo nalo ni ubongo?

JIBU: Dada yangu, nitangulize lile lisilosubiri: jino la jirani lisiguswe mpaka mtu athibitishe kwa vipimo kwamba ndilo linalouma. Eksirei ikiwa safi, na jino lenyewe halijaoza, kuling'oa kwa kubahatisha ni kukuongezea jeraha jingine kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, ambayo tayari imechokozwa.

La pili, unaumwa kweli. Huhitaji picha ya kuthibitisha hilo, si kwa daktari wala kwa watu wa nyumbani kwako. Mwaka 2020 IASP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipoandika upya maana ya maumivu, kilieleza wazi kwamba maumivu hayalazimu pawe na jeraha linaloonekana, na kwamba mtu akisema anaumwa kauli yake iheshimiwe. Waliokubaliana hivyo ni pamoja na watu wanaoshinda maabara wakipiga picha za ubongo. Anayekuambia ni mawazo, msomee hilo.

Sasa nije kwenye picha. Ili uone inaweza nini na haiwezi nini, inabidi tuifuate njia ambayo maumivu ya jino hupitia.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Pembezoni mwa kiini hicho zimepangwa seli ziitwazo odontoblasti, na hizi hazijengi jino tu, zinahisi pia. Mwaka 2021 watafiti walionyesha, kwa panya na kwa meno ya binadamu, kwamba seli hizo zina protini iitwayo TRPC5 inayotambua baridi, na kwamba eujenoli, kemikali iliyo ndani ya karafuu, huizima protini hiyo. Kwa hiyo bibi zetu waliobandika karafuu ya Pemba kwenye jino bovu walikuwa na sababu nzuri, hata kama hakuna aliyewaeleza. Lakini protini hiyo iko ndani ya jino, na jino lako halipo tena. Karafuu unayoweka sasa inakuunguza ufizi tu. Iache.

Kutoka kwenye jino, habari hubebwa na neva ya trijemino, neva kuu ya hisia za uso. Ina matawi matatu: la paji na jicho, la taya la juu, na la taya la chini. Gego lako lilitumia hilo la tatu. Ila neva hiyohiyo hubeba pia hisia za sinasi (mapango ya hewa ndani ya uso), za kiungo cha taya, za misuli ya kutafuna, hata za utando unaofunika ubongo. Zote zinaingia kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya shingo, na huko nyuzi nyingi hugawana seli chache za kupokea. Ni kama matatu za Ngong Road na Lang'ata zinavyomwaga watu pamoja pale Railways: ukisimama hapo huwezi kumtazama abiria ukajua alipandia stegi gani.

Hili limepigwa picha. Mwaka 2010 kikundi cha Clemens Forster wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg, Ujerumani, kiliwashtua watu wenye afya kwa umeme mdogo, mara kwenye jino la chonge la juu, mara kwenye la chini, huku ubongo ukitazamwa. Sehemu kubwa ya ubongo iliitika karibu namna moja, jino likiwa la juu au la chini. Ndiyo maana mtu huja kliniki ameshika shavu lote, anaapa ni jino la chini, kumbe lililooza ni la juu. Na ndiyo maana neno "linaniuma hili hapa" halimtoshi daktari kushika koleo, hata kama mgonjwa mwenyewe anamsihi. Wapo watu hapa Nairobi waliopoteza meno mazima, moja baada ya jingine, kwa kuwa kila lilipotoka moja maumivu yalionekana kuhamia kwa jirani yake. Hayakuhama. Yalikuwa kwenye neva tangu mwanzo.

Hapo bado tuko kwenye shina la ubongo. Juu yake hakuna kituo kimoja cha maumivu. Talamasi hupokea na kugawa. Ganda la hisia, sehemu ya tabaka la juu la ubongo, hujua ni wapi na ni kwa ukali gani. Insula hushughulika na hali ya mwili kutoka ndani. Singuleti ya mbele hubeba karaha, ule msukumo wa kutaka kitu kikome sasa hivi. Sehemu za mbele za ubongo hukumbuka, hukadiria hatari, husubiri kwa hofu. Mdomo umepewa eneo kubwa mno kwenye ganda la hisia kuliko ukubwa wake mwilini. Wilder Penfield aliyekuwa akipasua ubongo kule Montreal alichora ramani hiyo mwaka 1937, na ndiyo maana uzi wa nyama choma uliokwama kati ya meno mawili unaweza kukunyima raha jioni nzima.

Mashine yenyewe ni ileile ya MRI, sumaku ya tesla 1.5 au 3, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Tesla 1.5 ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Haitumii mionzi ya eksirei. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba damu iliyotumia oksijeni yake huvuruga kidogo sumaku iliyo karibu nayo, na kwamba mvurugo huo unaweza kusomwa kama picha. Kufikia 1992 ubongo wa binadamu ulikuwa ukitazamwa hivyo unapofanya kazi. Eneo la ubongo likishughulika, damu yenye oksijeni humiminika huko, na sekunde tano hivi baadaye mashine huona badiliko la asilimia chache tu.

Naomba usimame hapo kwenye asilimia chache, maana ndiko swali lako liliko.

Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Zurich, ambako Dominik Ettlin na wenzake wamechunguza maumivu ya meno kwa miaka mingi, mtu hutengenezewa kwanza kibamba cha plastiki kinachokaa sawasawa juu ya meno yake. Ndani ya kibamba hicho zimepachikwa elektrodi, vipande vidogo vya kupitisha umeme, zinazogusa jino lililochaguliwa na si jingine. Analazwa chali, kichwa kinazungukwa na koili, anazibwa masikio kwa sababu mashine hugonga kwa kelele kubwa. Anaambiwa asitikisike. Kisha umeme hupitishwa kwenye jino, unakatwa, unapitishwa tena, na tena, na tena, naye anaeleza ukali wake. Mtu wa pili anafanyiwa vivyo hivyo, na wa tatu, na kuendelea. Ndipo kompyuta hukokotoa wastani wa wote. Picha ya rangi nyekundu na njano unayoiona kwenye video ni wastani huo. Si picha ya mtu mmoja aliyeingia na jino linalouma akatoka na jibu.

Nadhani video yako ilitokana na kazi ya Alexandre DaSilva wa Chuo Kikuu cha Michigan, iliyochapishwa mwaka 2019. Wao hata MRI hawakutumia. Walimvika mgonjwa kofia yenye vihisio vya mwanga wa infraredi vinavyopima oksijeni ya damu kwenye tabaka la juu la ubongo, jambo linalowezekana mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida cha daktari wa meno. Watu 21 wenye meno yanayosisimka waliwekewa baridi kwenye jino, kompyuta ikafunzwa kutofautisha saa ya maumivu na saa ya utulivu, na ilipatia zaidi ya mara 70 katika kila 100. Daktari akivaa miwani maalumu aliona ubongo wa mgonjwa umechorwa juu ya kichwa chake, na eneo linaloitika likiwaka.

Kazi hiyo naithamini sana. Fikiria mzee aliyepigwa kiharusi asiyeweza kusema, mtoto mchanga, mtu mwenye ulemavu wa akili anayepiga kichwa ukutani kwa sababu ya jipu la jino na hakuna anayejua. Kwa hao, kofia inayosema "hapa pana maumivu" itakuwa ukombozi, na natamani ifike Nairobi nikiwa bado nafanya kazi. Lakini tazama walichopima: maumivu yaliyoanzishwa na mtafiti mwenyewe, kwa saa aliyoichagua, kwenye jino alilolijua. Maumivu yako ni ya kutwa. Hayana saa ya kuanza wala ya kukoma ili kompyuta ilinganishe. Na chombo kinachokosea hata mara 20 katika 100 kinafaa kwa utafiti. Hakifai kuamua nani aaminiwe.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2013 Tor Wager na wenzake walichapisha alama ya ubongo, yaani mpangilio wa maeneo yanayoitika, iliyoweza kutenganisha joto linaloumiza mkononi na joto la kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, na wengi wakadhani sasa kipimo cha maumivu kimepatikana. Kisha mwaka 2016 Tim Salomons na wenzake wakawaweka kwenye MRI watu wawili waliozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu, wakawabana kwa kitu ambacho wengine wangelia. Zile sehemu zilizozoeleka kuitwa mtandao wa maumivu, insula na singuleti zikiwemo, ziliwaka kwao pia. Hawakuumwa hata kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu hizo huitika kila kitu kinachoshtua na kudai uangalizi, kiwe kinauma au hakiumi. Mwaka uliofuata, 2017, jopo la IASP lililoongozwa na Karen Davis lilitoa msimamo kwamba picha za ubongo zisitumiwe kuthibitisha wala kukanusha maumivu ya mtu mmojammoja, iwe mahakamani au kwenye madai ya bima. Mimi nakubaliana nao kabisa.

Hivyo ukienda kwenye kituo cha picha pale Upper Hill ukaomba MRI ya ubongo, hutapata ulichokiona kwenye video. Utapata picha ya maumbile: ubongo ulivyo, si unavyofanya kazi. Yaelekea ripoti itaandika kwamba hakuna kasoro. Nawe utarudi Donholm na bahasha ambayo watu wa nyumbani wataisoma kama ushahidi dhidi yako, umeilipia kwa pesa zako, na maumivu yapo palepale. Hilo ndilo nataka kukuepusha nalo.

Sisemi MRI haina kazi kabisa kwenye maumivu ya uso. Ina kazi moja kubwa, nayo ni kutafuta kitu kinachoisumbua neva yenyewe. Kuna ugonjwa unaoitwa neuraljia ya trijemino: maumivu kama shoti ya umeme, upande mmoja wa uso, ya sekunde chache hadi dakika mbili, yanayoamshwa na mambo madogo kama kunawa uso, kupiga mswaki, kupaka mafuta, au upepo wa dirisha la matatu. Mara nyingi mshipa wa damu umeilalia neva karibu na shina la ubongo. Mara chache ni uvimbe, au ugonjwa wa kudumu wa mishipa ya fahamu. Hapo MRI yenye vipande vyembamba vinavyoifuata neva ya trijemino ni lazima. Dawa yake ya kwanza ni kabamazepini, na ikishindwa upo upasuaji wa kuutenga mshipa na neva, ambao Peter Jannetta aliuendeleza Marekani tangu miaka ya 1960. Wagonjwa wengi wa neuraljia huanzia kwa daktari wa meno, na wengi wao hung'olewa jino bure.

Yako, kwa ulivyoeleza, haifanani na hiyo: haipigi kama shoti, inawaka kutwa. Lakini mimi sijakuona. Ukihisi mdomo au kidevu kinakufa ganzi, uso kulegea, taya kukosa nguvu, kuona vitu viwili viwili, sikio kuziba, uvimbe unaokua, au kupungua uzito bila sababu, usisubiri. Nenda ukaonwe haraka, na picha hapo itaombwa bila mjadala. Vivyo hivyo maumivu ya taya yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika: hayo ni ya moyo mpaka ithibitishwe vingine.

Nikirudi kwako, nadhani ulichonacho kiko kwenye moja ya makundi mawili yaliyopangwa katika uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya mdomo na uso, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2020. Moja ni maumivu ya neva iliyojeruhiwa. Jingine ni maumivu ya kudumu ya mahali pa jino yasiyo na chanzo kinachoonekana: ya kila siku, zaidi ya saa 2 kwa siku, zaidi ya miezi 3. Wala hauko peke yako. Donald Nixdorf na wenzake wa Minnesota walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010 wakakuta kwamba baada ya matibabu ya mzizi wa jino, karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa bado na maumivu miezi sita baadaye au zaidi. Katika hesabu nyingine walikuta kwamba kwa watu kama 3 katika kila 100, chanzo hakikuwa jino kabisa. Hesabu jinsi Nairobi ilivyo kubwa, uone ni wangapi wanazunguka kliniki na bahasha za eksirei.

Kinachotokea ni hiki. Kung'oa jino, hata kusafisha mzizi, ni kukata neva ndogo. Kwa watu wengi hupona kimya. Kwa wachache nyuzi zilizokatwa huendelea kutuma ishara zenyewe, na seli za kupokea kwenye shina la ubongo, zilizopigwa na maumivu kwa muda mrefu kabla ya jino kutoka, hubaki zimewashwa. Mguso wa kawaida unafika kama kuungua. Hapa ndipo picha za ubongo zimetufaa kwa kweli, si kwa kumhukumu mgonjwa bali kwa kutuonyesha kwamba mabadiliko haya yapo na kwamba yanaweza kurudi nyuma. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg waliwapiga picha watu wenye maumivu ya muda mrefu ya nyonga, wakaona upungufu wa seli za kijivu katika maeneo kadhaa ya ubongo. Nyonga ilipobadilishwa na maumivu yakaisha, maeneo hayo yakajaa tena. Mgonjwa aliyekata tamaa namweleza utafiti huo mapema, kwa sababu wengi hudhani ubongo ukishabadilika basi.

Kipimo unachokihitaji sasa ni rahisi kuliko MRI. Daktari anayejua maumivu ya uso atakaa nawe akusikilize kwanza, bila haraka. Atagonga meno ya upande huo taratibu kwa mpini wa kioo chake, moja moja, pamoja na ya upande wa kushoto ili alinganishe. Atanyunyizia baridi kwenye kipamba, akiguse kwenye jino la jirani: jino zima hushtuka na kutulia mara kipamba kinapoondolewa, lenye kiini kilichovimba huuma kwa muda, lililokufa halisikii. Atachukua kijiti cha pamba kikavu aupapase ufizi pale jino lilipokuwa, kisha upande wa pili. Kama mpapaso huo mwepesi unawaka kulia na hauwaki kushoto, neva imejieleza yenyewe. Atakubonyeza misuli ya shavu na ya kichwa pembeni, maana misuli ya kutafuna hurusha maumivu kwenye magego. Halafu atakudunga ganzi kidogo mahali pale. Ganzi ikishika sawasawa, mdomo umekufa, na maumivu bado yapo yote, chanzo si jino wala ufizi. Kiko juu zaidi. Yakiisha kabisa, chanzo kiko hapohapo mdomoni. Yakipungua nusu, pana mchanganyiko. Kwa kazi hii utahitaji mtaalamu, si kliniki ya kung'oa tu. Unaweza kuanzia Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Argwings Kodhek Road, uulize idara inayoshughulikia maradhi ya mdomo na uso. Beba eksirei zako zote na orodha ya kila dawa uliyomeza. Yeye akiona MRI inafaa, ataiandika akieleza inatafuta nini, na hapo itakuwa pesa iliyokwenda mahali pake. Uliza pia bima yako inalipa nini kabla hujapanga foleni.

Kuhusu dawa: acha Brufen. Kwa jino lililovimba, ibuprofeni (ndiyo Brufen) pamoja na parasetamoli (ndiyo Panadol) huzishinda hata dawa za jamii ya afyuni, lakini maumivu ya neva hayasikii dawa hizo, na tumbo lako limeshatoa onyo. Hata viuavijasumu havina kazi hapa, hakuna usaha. Dawa zinazosaidia ni zile zinazotuliza neva: amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, mara nyingi ikianza na miligramu 10, au gabapentini, wengine husaidiwa na ganzi ya kupaka inayoshikiliwa na kibamba cha plastiki. Amitriptilini ni dawa ya msongo wa mawazo pia, nawe utaona hivyo kwenye karatasi yake. Usiipokee kama tusi. Kwa dozi hii inapewa neva. Husinzisha, hukausha mdomo, na haifai kwa kila mwenye moyo mbovu, presha ya macho au mimba, kwa hiyo usiinunue kwa mtu wa duka la dawa bila daktari. Ipe majuma kadhaa. Kusisimua ubongo kwa sumaku au umeme mdogo juu ya eneo linaloendesha misuli kumewapunguzia maumivu baadhi ya wagonjwa wa neva za uso, ila si mahali pa kuanzia.

Na huyo daktari mchague anayekueleza. Mwaka 1978, kabla picha hizi hazijakuwepo, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa San Francisco waliwapa watu waliotoka kung'olewa magego ya mwisho dawa isiyo na kitu. Baadhi walipata nafuu. Kisha walipopewa naloksoni, dawa inayozuia afyuni, nafuu ikapungua: ilitoka kwenye afyuni ambayo mwili hujitengenezea. Mwaka 2005 Jon-Kar Zubieta na wenzake wa Michigan wakaiona afyuni hiyo ikitolewa ubongoni kwa picha za PET, aina nyingine ya picha za ubongo. Kuaminiwa, kuelezwa na kutulizwa hofu huingia kwenye mifumo hiyohiyo inayopokea dawa. Kwa hiyo wa nyumbani wanaokuambia ni mawazo wanakuongezea maumivu kwa maana halisi, na mume wako akija nawe kliniki akasikia mwenyewe, hiyo ni sehemu ya matibabu.

Kijana wako: ndiyo, ni ubongo, na si utundu. Mwaka 2013 Hiroyuki Karibe na wenzake wa Tokyo waliwasikilizisha watu mlio wa mashine ya meno wakiwa ndani ya MRI. Kwa wasioogopa sana, ulishughulikiwa zaidi na eneo la kusikia. Kwa waoga, sehemu iitwayo kodeti iliitika zaidi, ambayo watafiti hao waliihusisha na kujifunza na kukumbuka mlio huo. Mwanao ameshafundishwa mlio huo, pengine na jino moja lililochimbwa ganzi haijashika. Mtu hufundishwa upya. Hunter Hoffman wa Seattle alionyesha mwaka 2004 kwamba mtu akizamishwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kuvaa usoni, maumivu hupungua, na mwitikio wa ubongo kwa maumivu hayo hupungua pia. Huhitaji miwani hiyo, vipokea sauti vya masikioni na hadithi anayoipenda vinafaa. Nyumbani msimtishe kwamba akila peremende atapelekwa kudungwa sindano. Kliniki, omba apakwe ganzi ya ufizi kabla ya sindano, na akubaliane na daktari kwamba akiinua mkono kazi inasimama, kisha isimame kweli. Mpeleke mara ya kwanza siku isiyo na matibabu: akae kwenye kiti, ahesabiwe meno, aiguse mashine ikiwa imezimwa, mrudi nyumbani.